Mwanao msomi anaomba ufadhili wa utafiti? Mzazi, haya ndiyo ya kujua

Geita/Shinyanga. Katika familia nyingi za wakulima, wafugaji na wachimbaji wadogo wa mikoa ya Shinyanga na Geita, digrii ya mtoto huhesabiwa kama mavuno. Ng'ombe waliuzwa, pamba ikapimwa, fedha za duara zikawekwa kando, na mkopo wa Bodi ukajazia palipopungua. Mahafali yakishapita, nyumbani husubiriwa mshahara.

Ndiyo maana kijana aliyebakizwa chuoni kufundisha, au aliyepata kazi ya msaidizi wa utafiti jijini Mwanza, anapowaambia wazazi kwamba anaomba ufadhili wa utafiti, wengi husikia jambo moja tu: anarudi shule.

Mwaka unapita, jibu linakuja kwamba hakuchaguliwa, na maneno yanaanza. Mwenzake aliyeishia kidato cha nne ana karasha na pikipiki mbili, yeye ana digrii mbili na kompyuta.

Maneno hayo yana uzito. Maombi ya ufadhili wa utafiti ni kazi ya miezi, na wengi wanaoifanya wako katika umri uleule ambao familia inadai mchango, ndoa na wajukuu. Mzazi asiyejua mtoto wake anafanya nini hawezi kumsaidia, na wakati mwingine humvunja moyo bila kukusudia akiwa amebakiza hatua moja.

Si mkopo, wala si bahati nasibu

Ufadhili wa utafiti, ambao wasomi huuita feloshipu, ni fedha anazopewa mtu ili atafute jibu la swali fulani la kitaalamu, huku akijengwa awe mtafiti anayejitegemea. Fedha hizo hazirudishwi kama mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB).

Kwa kawaida hugawanyika katika mafungu matatu: ada ya chuo, posho ya kujikimu, na gharama za utafiti wenyewe kama vile kupima sampuli maabara, usafiri wa vijijini na malipo ya wasaidizi wanaokusanya takwimu.

Ili kuelewa kwa nini mwanao anaung'ang'ania, mzazi anapaswa kuijua ngazi ya kazi ya chuo kikuu. Kijana aliyefaulu vizuri, kwa kawaida mwenye GPA isiyopungua 3.8, huanza kama mhadhiri mkufunzi, yaani TA. Akipata shahada ya uzamili anapanda kuwa mhadhiri msaidizi. Kuwa mhadhiri kamili kunahitaji shahada ya uzamivu, yaani PhD.

Hapo ndipo wengi hukwama. PhD ya sayansi ya afya inaweza kuhitaji vipimo vya mamia ya watu, na familia chache zinaweza kugharimia hilo hata zikiuza zizi zima. Kwa kijana wa namna hiyo, ufadhili ndiyo ngazi yenyewe ya kupandia.

Swali liko mlangoni

Wazazi wengi hudhani utafiti ni mambo ya Ulaya. Kwa mikoa hii, maswali makubwa yako uani.

Chukulia zebaki. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo, zebaki huchanganywa na mchanga ili ikamate chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna harufu ya kumshtua mtu. Anayeuvuta ni mchomaji, mke wake aliye jikoni na mtoto anayecheza karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Rwamagasa mkoani Geita ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO). Baadaye dunia ilikubaliana kupunguza matumizi ya madini hayo kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua vibaya baada ya kula samaki wenye zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Lakini swali ambalo mama wa Geita angeliuliza ni jingine: je, aliye tumboni anafikiwa na sumu hii?

Miongoni mwa waliolishughulikia ni Elias Nyanza, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Afya Bugando (CUHAS) cha Mwanza, aliyefanya masomo yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Calgary, Canada. Mwaka 2014, yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu udongo wanaokula wajawazito, maarufu kama pemba, katika jamii za wachimbaji wadogo wilayani Geita. Karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa walikuwa wakiula, na udongo uliopimwa ulikutwa na madini yenye sumu, ikiwemo aseniki.

Baadaye timu yake, akiwemo Profesa Deborah Dewey wa Calgary, iliwafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Tanzania, ikapima zebaki na aseniki miilini mwao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihusisha viwango vikubwa vya sumu hizo na matatizo ya uzazi, ikiwemo mtoto kufia tumboni.

Utafiti wa aina hiyo hauanzi na maabara. Unaanza na mtu anayejua kwamba pemba inauzwa sokoni, kwamba mjamzito huanza kuitamani mapema, na kwamba akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini anaweza kukana, lakini akiulizwa na anayejua Kisukuma atasema.

Hiyo ni mali ambayo kijana wa Nyarugusu, Kahama au Kishapu anayo bila kununua. Kamati za ufadhili huuliza kila mwombaji: kwa nini swali hili, kwa nini mahali hapa, na kwa nini wewe? Aliyekulia kwenye swali ana pa kuanzia. Mzazi anayemsimulia mwanawe jinsi maji ya kisima yalivyobadilika baada ya mwalo kufunguliwa anamsaidia kuandika, hata kama hajui Kiingereza.

Kanda ya Ziwa imewahi kuifundisha dunia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii za vijijini mkoani Mwanza, watafiti walijaribu kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya kawaida vya afya. Matokeo yaliyotoka mwaka 1995 katika jarida la The Lancet yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa karibu asilimia 40 palipokuwa na huduma hiyo. Utafiti huo bado unafundishwa vyuoni duniani.

Kazi inayofanyika usiku

Mzazi huona mtoto ameinamia kompyuta. Haoni kinachoendelea.

Kwa mwombaji makini, kazi huanza miezi sita au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho. Kwanza hutafuta swali lisilojibiwa, kwa kusoma makala nyingi za waliotangulia. Kisha humtafuta msimamizi, yaani profesa atakayekubali kumwongoza. Hapo anaweza kuandika barua pepe kwa maprofesa kumi na kujibiwa na wawili.

Baada ya hapo huandika andiko la utafiti: tatizo, mbinu, idadi ya watu watakaopimwa, bajeti na ratiba. Huomba barua za mapendekezo kwa walimu wake wa zamani, ambao wana shughuli zao na wanahitaji kukumbushwa kwa adabu. Huomba barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ataruhusiwa kwenda na kurudi.

Kama utafiti unagusa afya za watu Tanzania Bara, ajue pia kwamba utahitaji kibali cha maadili kinachotolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na apange muda wa kukisubiri.

Akipita mchujo huitwa kwenye usaili, mara nyingi kwa njia ya mtandao. Dakika 20 za usaili zinaweza kuamua kazi ya mwaka mzima. Umeme ukikatika, au wageni wakiingia sebuleni wakati huo, hakuna anayemrudishia nafasi.

Milango ya kubisha

Masharti ya ufadhili hubadilika kila mwaka, hivyo tangazo lenyewe ndilo la kufuatwa. Hata hivyo, ipo milango ambayo Watanzania wamekuwa wakiibisha kwa miaka mingi.

CARTA: Ni muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanza mwaka 2008, ukiongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara ni miongoni mwa wanachama. Umekuwa ukifadhili PhD za watumishi wa taasisi wanachama katika afya ya jamii, huku mshiriki akibaki kuwa mtumishi wa taasisi yake.

Jumuiya ya Madola: Mpango wake wa ufadhili ulianzishwa mwaka 1959. Kwa wanaokwenda Uingereza hulipa ada, tiketi ya ndege na posho, na umekuwa na posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake ambaye anaishi na watoto wake huko.

DAAD: Ni shirika la Ujerumani lililoanzishwa mwaka 1925. Mbali na kupeleka watu Ujerumani, lina ufadhili wa kusoma ndani ya Afrika. Kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho ya mwombaji isizidi miaka sita. Kijana anayeambiwa "subiri kwanza wadogo zako wamalize" anaweza kukuta mlango umefungwa.

OWSD: Jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, yenye makao Trieste, Italia. Hufadhili PhD za wanawake katika nchi nyingine inayoendelea. Wapo wanaosoma muda wote huko, na wapo wanaojiandikisha chuo cha nyumbani na kwenda nje kwa vipindi.

COSTECH: Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE), ambao hutangaza fursa za utafiti kwa Watanzania. Vyuo vya umma navyo huwa na mipango ya kusomesha watumishi wao, hivyo mwajiri awe wa kwanza kuulizwa.

Binti, ndoa na mtoto mchanga

Kwa binti, miaka ya kuomba ufadhili ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Katika familia ambazo mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe, PhD ya binti inaweza kuonekana kuwa kikwazo.

Baadhi ya wafadhili wameliona hilo. CARTA, kwa mfano, imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake. Wapo pia wanaoruhusu masomo yasimamishwe kwa muda wa uzazi. Muhimu ni kuuliza mapema na kwa maandishi, kabla ya kusaini.

Familia inaweza kupanga. Mtoto mchanga anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kwa hiyo safari ya mama katika kipindi hicho ni ngumu, labda asafiri na mtoto na mlezi. Baada ya hapo, bibi anaweza kubeba mengi: kliniki, chanjo, uji na usingizi. Wakwe wakishirikishwa mapema, na mume akakubali mbele ya wazee, maneno hupungua.

Na binti akiwa anafanyia utafiti kwenye maeneo ya uchenjuaji huku ana mimba au ananyonyesha, usalama wake uwe wa kwanza. Asikae panapochomwa zebaki. Hilo ni la kuandikwa kwenye mpango wa utafiti.

Jibu likiwa "hapana"

Kukataliwa ni sehemu ya kazi hii. Nafasi huwa chache na waombaji wengi, na watafiti wengi wenye majina walikataliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupata. Barua ya kukataa ikija na maoni ya waliosoma andiko, ni mali: inaonyesha pa kurekebisha kwa awamu ijayo.

Lakini kwa kijana aliyesubiri miezi minane, maumivu ni ya kweli. Mkoani Geita huongezeka kishawishi: rafiki aliyeingia duarani juzi amepata. Wanaoonekana mtaani ni waliopata. Waliofukiwa, waliofilisika na wanaokohoa kwa vumbi la mawe hawapiti wakitangaza.

Mzazi aepuke kumlinganisha mtoto na jirani, na aepuke kumuuliza kila wiki kama majibu yametoka. Badala yake amuulize nini kitabadilika kwenye maombi yajayo, na ataishi kwa kipato gani wakati anasubiri. Kusubiri bila kazi yoyote hakumfai mtu. Kufundisha kwa muda, kukusanya takwimu kwenye miradi au kuandika makala na mwalimu wake kunampa kipato na kunatia nguvu maombi yajayo.

Kijana akikosa usingizi, akiacha kula, akijitenga au akisema maisha hayana maana, na hali hiyo ikafikia wiki mbili, apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kujidhuru, asisubiriwe hata siku moja na asiachwe peke yake.

Fedha zinapoingia

Akifaulu, ugomvi mwingine unaweza kuanza. Taarifa kwamba amepata ufadhili wa mamilioni huenea haraka kuliko maelezo ya fedha hizo.

Fungu la utafiti si lake. Hutolewa hesabu kwa risiti, na likitumika kujenga au kulipa ada ya mdogo wake, anaweza kutakiwa kulirejesha na kupoteza nafasi. Kilicho chake ni posho, ambayo imepigiwa hesabu ya chakula na pango mahali anaposoma. Kikao kimoja cha familia, kikieleza kiasi anachoweza kutuma na asichoweza, huokoa miaka ya lawama.

Taasisi nyingi pia humtaka mtumishi asaini mkataba wa kurudi kufanya kazi kwa muda fulani. Ndugu anayeombwa kuwa mdhamini ausome wote kabla ya kuweka saini.

Matapeli nao wapo. Mfadhili wa kweli hatumi ujumbe wa simu akidai "ada ya kushughulikia faili" itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, wala hampi ufadhili mtu ambaye hakuomba. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi, lakini hiyo huonekana kwenye tovuti ya chuo na hulipwa kwa chuo chenyewe. Mzazi akiletewa habari ya kulipa haraka leo kabla ya saa kumi, asilipe.

Mambo matano ya kufanya nyumbani

Moja, kagueni majina. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha Nida na pasipoti vikisomeka tofauti, marekebisho huchukua muda. Yaanze kabla ya tangazo kutoka.

Mbili, pasipoti iombwe mapema, kwa kuwa kuisubiri hadi wiki ya usaili ni kuchelewa.

Tatu, aulize kama chuo kitakubali barua inayothibitisha kwamba alisoma digrii yake kwa Kiingereza. Kikikubali, familia inaokoa gharama ya mtihani wa lugha.

Nne, apewe sehemu tulivu na muda. Wiki ya mwisho kabla ya tarehe ya maombi asitumwe minadani wala asipewe kusimamia kamati ya harusi. Kama kuna fedha ya kumsaidia, vocha ya intaneti ni msaada mkubwa.

Tano, muulizeni maswali matatu: unatafuta jibu la swali gani, nani anakuandikia barua, na tarehe ya mwisho ni lini? Akishindwa kuwaeleza swali lake kwa Kiswahili au Kisukuma mkaelewa, pengine kamati nayo haitaelewa, arudi akalinyooshe. Tarehe akishaitaja, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na siku za kliniki za wajukuu na msimu wa kupalilia.